UZI: Unamhurumia mtoto wa tumbili aliyefungwa kamba? Soma kabla hujatoa hela umnunue

MbegaMweupe (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Juzi kuna mwenzetu aliweka picha ya mtoto wa tumbili kafungwa kamba kiunoni, vijana wanamuuza kando ya barabara kuu, akauliza kama akimnunua "ili amuokoe" atakuwa amekosea. Akamiminiwa "Mungu akubariki". Nilitaka kujibu kulekule ila mada ilishahamia kwenye mpira, nikaona heri nifungue uzi wake. Nimefanya kazi ya kulisha na kusafisha mabanda kwenye kituo cha wanyama waliookolewa, kwa hiyo ninayoandika si ya kuokoteza.

Usimnunue. Najua inauma, ila usimnunue.

Jiulize kwanza huyo mtoto alipatikanaje. Tumbili mchanga habanduki tumboni kwa mama yake, na mama hamwachi hata akikimbizwa na mbwa. Ili umpate mtoto, mama inabidi afe, au apigwe mpaka ashindwe kukimbia. Kwa sokwe hali ni mbaya zaidi kwa sababu wenzake kwenye kundi wanakuja kumtetea, hivyo wawindaji wanaua wakubwa kadhaa ili wabaki na mdogo mmoja wa kuuza. Wakubwa wanaishia nyama ya porini, mdogo anatafutiwa mteja. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2013 ilikadiria kuwa tangu 2005 misitu ilikuwa imepoteza sokwe, gorila, bonobo na orangutani wasiopungua 22,218 kwa sababu ya biashara hii haramu. Hiyo ni karibu 3,000 kwa mwaka, na karibu theluthi mbili yao ni sokwe.

Sasa wewe unatoa hela kwa huruma. Mwenzako anayeipokea anaona soko limefunguka, na wiki ijayo utamkuta palepale na mtoto mwingine.

Tuseme basi mnyama ameshatoka mikononi mwa muuzaji, kwa kukamatwa na serikali au vinginevyo. Wengi tunadhani hapo mambo yamekwisha. Nitawaeleza habari za sokwe mmoja anaitwa Manno, maana kwake utaona kila kitu.

Manno aliibwa porini akiwa mchanga, akapitishiwa Syria, na mwaka 2013 bustani moja binafsi ya wanyama huko Duhok, upande wa Wakurdi wa Iraq, ikamnunua kwa dola 15,000. Alikuwa sokwe peke yake pale. Wakamvisha nguo za watoto apige picha na wageni. Wageni wakampa keki, pipi, soda, mbegu za alizeti, hata sigara. Usiku alikuwa analala nyumbani kwa mtunzaji wake pamoja na familia. Ukiangalia picha zake za wakati ule utasema huyu kapendwa kuliko watoto wa watu wengine, na kusema kweli yule mtunzaji alimpenda. Mwishoni mwa Novemba 2016, baada ya kampeni ndefu ya shirika la Animals Lebanon na mwalimu mmoja kutoka Kanada, akapandishwa ndege hadi Kenya, kwenye kituo cha Sweetwaters ndani ya hifadhi ya Ol Pejeta, Laikipia.

Mtu anaweza kufikiri wakamfungulia mlango akakimbilia kwa ndugu zake. Thubutu! Kwanza alikaa karantini, maana sokwe aliyelala na watu anaweza kuwa na kifua kikuu au mafua yatakayomaliza kundi zima. Halafu ndiyo ikaja kazi yenyewe: Manno alikuwa hajui kuwa sokwe. Hajui kusalimia, hajui lini ainame mbele ya dume kubwa, hajui mlio wa kuomba radhi. Sokwe asiye na adabu hizo anaweza kung'atwa vidole, sehemu za siri, au kuuawa kabisa. Kwa hiyo vituo vinawaunganisha polepole. Mgeni anakaa upande mmoja wa wavu, wenyeji upande wa pili, wananusana na kugusana vidole. Wakizoeana anaingizwa jike mmoja mpole, kisha mwingine, na madume wakorofi wanabakizwa mwisho. Ni suala la miezi, na mtunzaji muda wote anatazama nywele za mabega kama zimesimama.

Kituo chenyewe cha Sweetwaters kilianza 1993, vita vilipozuka Burundi na sokwe yatima waliokuwa Bujumbura wakahitaji pa kukimbilia. Kenya haina sokwe wa porini hata mmoja, hivyo wote pale ni wakimbizi. Mmoja wao ni Poco. Aliishi miaka tisa ya mwanzo kwenye kitundu kilichoning'inizwa juu ya duka mjini Bujumbura ili kuvuta wateja, chembamba kiasi kwamba aliweza kukaa au kusimama tu. Alipotoka akawa anatembea wima kwa miguu miwili kuliko sokwe yeyote mwenzake. Watalii wanafurahi, wanasema "tazama kama mtu!" Kile ni kilema, jamani.

Nitaendelea. Karibuni kwa maswali.

---

Mla Dagaa

Naweka kambi hapa. Ngoja waje wajuzi.

---

Kitonga Express

Watu mtaani hawana hata hela ya unga, wewe unalilia nyani. Kwetu nyani wanamaliza mahindi shambani, njoo uwachukue wote uwapeleke huko Laikipia kwa ndege.

---

MbegaMweupe

Mkuu, mkulima aliyelala shambani akilinda mahindi nampa heshima zake zote, na serikali inapaswa kumsikiliza. Ila nyani wa kwenye mahindi na tumbili wa kwenye kamba ni kesi mbili tofauti. Kumfunga mmoja kamba hakujawahi kuokoa gunia hata moja.

---

Ngosha wa Muganza

Umeandika vizuri mkuu, lakini mbona hamuwarudishi porini yakaisha? Mimi kwetu Chato, kisiwa cha Rubondo kipo hapo ng'ambo, ndani ya Ziwa Victoria. Wazee wanatuambia wale sokwe wa Rubondo waliletwa na Wazungu kwenye masanduku, wakaachiwa tu. Leo wapo, wanazaana, hawamjui mtu. Hakuna wavu, hakuna jike mpole, hakuna karantini. Hili limekaaje?

---

MbegaMweupe

Hapo umenigusa penyewe. Wazee wako wamesema kweli.

Kati ya 1966 na 1969 shirika la wanyama la Frankfurt, Ujerumani, likiongozwa na Profesa Bernhard Grzimek, lilileta Rubondo sokwe 17 kwa mafungu. Walitoka kwenye bustani za wanyama na sarakasi za Ulaya. Wengi walikuwa wamezaliwa Afrika, wakachukuliwa wachanga, wakaishi miaka nyuma ya vyuma. Hakuna aliyewafundisha kujenga kiota wala kutambua tunda la kuliwa. Milango ya masanduku ikafunguliwa, basi. Na kweli wakajifunza, wakazaa, na wajukuu zao ndio hao. Mimi huwa nikiwaza kuhusu huyo sokwe wa kwanza kuona ziwa na mti mzima baada ya sarakasi, nakosa la kusema.

Lakini tazama kilichowabeba. Kisiwani hapakuwa na sokwe wengine wa kuwagombania eneo. Hapakuwa na chui wala simba. Msitu ni mkubwa, matunda na mitambaazi tele. Watu walikuwa wameondolewa. Ni sehemu ngapi Afrika leo zina masharti hayo yote kwa pamoja? Na hata hivyo madume mawili yalipigwa risasi kwa sababu yalishambulia watu. Mnyama aliyelelewa na binadamu hamwogopi binadamu. Akikasirika hakimbilii msituni, anakuja kwako.

Ukitaka mfano wa upande wa pili, kule Conkouati, Kongo Brazzaville, walianza kuachia sokwe yatima msituni mwaka 1996. Palikuwa na sokwe wenyeji. Majike wageni walipokelewa kwa nafuu, ila madume wakashambuliwa vibaya, na bado ile inahesabiwa kuwa kazi iliyofanikiwa.

Ndiyo maana vituo vingi vinachagua njia ya katikati. Mfano ni Ngamba, kisiwa cha Uganda kwenye ziwa hilohilo letu, kilomita 23 hivi kutoka Entebbe. Mwaka 1998 walianza na sokwe 19. Kisiwa kina ekari 100 hivi na karibu chote ni msitu. Mchana wanazurura, wanapanda miti, wanagombana na kupatana. Lakini sokwe hamsini hawawezi kushiba kwa matunda ya ekari mia, kwa hiyo wanalishwa mara kadhaa kwa siku, na jioni wanarudi bandani kulala kwenye machela. Majike wanawekewa vipandikizi vya uzazi wa mpango. Wapo wanaosema huo ni ukatili. Mimi nasema kila mtoto atakayezaliwa pale ni nafasi moja imepungua kwa yatima atakayekamatwa mpakani mwezi ujao, tena ni mtoto asiye na pa kwenda kwa miaka hamsini. Sokwe anaishi muda mrefu. Ukimchukua leo, jua mwanao ndiye atakayekuja kumzika.

---

Ngosha wa Muganza

Duh. Hilo la madume mawili wazee hawakulisema. Nimekuelewa.

---

Bi Hindu wa Pangani

Mwanangu nami niseme langu. Baba alikuwa na tumbili nyumbani tulipokuwa wadogo. Anakula nasi wali, anamtafuta marehemu dada chawa kichwani mpaka dada analala. Hakuna aliyemfunza ubaya. Siku moja tu, hata hakuchokozwa, kamrukia mdogo wangu kamng'ata shavu. Baba akamtoa. Mpaka leo sijaelewa alipatwa na nini.

---

MbegaMweupe

Shikamoo Bi Hindu. Pole kwa mdogo wako.

Hakupatwa na kitu, alikua tu. Karibu kila tumbili wa nyumbani huja kubadilika hivyo. Akiwa mdogo anamchukulia binadamu kama mama. Akifikisha miaka minne mitano meno ya chonge yametoka, damu inamwambia ajipime na wenzake apate cheo, na wenzake anaowaona ni nyinyi. Anaanza na mdogo kuliko wote nyumbani, kwa sababu ndivyo hata porini inavyokwenda.

Baada ya hapo ndipo kamba inapoingia, hata kwa familia iliyokuwa na upendo. Na kamba ya kiunoni ina balaa lake. Inafungwa akiwa mdogo, mwili unakua, kamba haikui. Nimeshika tumbili ambaye kamba ilikuwa imezama ndani ya nyama na ngozi imefunika juu. Yule mwenye mnyama alikuwa haamini kabisa, anasema "mbona alikuwa anakula vizuri?"

Na hicho chakula nacho. Mkate, chapati, soda, biskuti, ndizi mbivu kila siku. Watu wanadhani ndizi ndiyo chakula cha kima tangu uumbaji. Matunda ya dukani yamezalishwa yawe matamu kwa ajili yetu. Ya porini yana nyuzinyuzi nyingi na sukari kidogo. Bustani ya wanyama ya Paignton kule Uingereza iliacha kuwapa kima wake ndizi, ikatangaza mwaka 2014, kwa sababu ya meno kuoza na hatari ya kisukari. Wakaongezewa mboga za majani.

Mbega ndiyo usimguse kabisa. Tumbo lake lina vyumba vya kuchachusha majani, linafanana kidogo na la ng'ombe. Ukimpa matunda matamu au mkate linajaa gesi, anakufa kwa maumivu. Kima punju wa Zanzibar, yule mwekundu wa Jozani, amezoea majani na matunda mabichi, na hata mkaa anakula kupunguza sumu ya majani fulani. Nyumbani kwako utampa nini?

---

Chuma cha Pua

Sokwe ana nguvu za watu watano. Nimeona video. Huyo hata ukimfunga mnyororo anakata.

---

MbegaMweupe

Hizo za watu watano ni chumvi. Watafiti walipima misuli yake, wakatoa matokeo 2017: ni takriban mara 1.35 ya misuli yetu kwa ukubwa uleule. Ila ana chonge, ana mikono minne, na hasiti. Inatosha kabisa kukumaliza.

---

Mtoto wa Kenia (Katanga)

Salamu toka Lubumbashi. Huku kwetu tuko na J.A.C.K., kituo cha sokwe kilianza 2006, ndani ya bustani ya wanyama ya mji. Wanapokea watoto wa sokwe serikali inakamata kwa wachuuzi, maana watu wanawapitisha hapa Katanga wakiwaelekeza kusini.

Mwezi wa tisa 2022 watu waliingia usiku wakaiba watoto watatu wa sokwe. Asubuhi walinzi wanakuta hawapo. Halafu wale wezi wakatuma video ya wale watoto na kuomba pesa nyingi, wakitisha kuwaua, na walitisha hata watoto wa wenye kituo. Wenye kituo walikataa kulipa. Mimi nilisikia watu wengi mjini wanasema "si wangelipa tu, wako na pesa ya Wazungu." Wewe unasemaje?

---

MbegaMweupe

Asante sana ndugu yangu, hilo wengi humu hawakulijua.

Nasema walifanya sawa, na nasema hivyo nikijua maana yake kwa wale watoto watatu. Wakilipa mara moja, kila kituo cha sokwe, kuanzia Lwiro kule Kivu mpaka Ngamba, kinageuka benki isiyo na mlango. Ni hesabu ileile ya tumbili wa barabarani, ila hapa ni ngumu zaidi, kwa sababu hawa walikuwa na majina na watunzaji waliowalaza usingizi kwa mikono yao.

Watu wanasahau pia hao watunzaji. Ndakasi, yule gorila yatima wa Rumangabo, hifadhi ya Virunga huko Kongo, aliyesambaa mitandaoni mwaka 2019 kwa picha ya "selfie", alipatikana 2007 akiwa mchanga, ameng'ang'ania maiti ya mama yake aliyepigwa risasi. Alifia mikononi mwa mtunzaji wake Andre Bauma, Septemba 2021, akiwa na miaka 14. Walinzi wa Virunga zaidi ya mia mbili wameuawa katika historia ya hifadhi ile. Picha ilichekesha dunia nzima, ila hao wakaaji wa nyuma ya kamera wanalea yatima huku risasi zinalia.

---

Afisa Mstaafu

Kwa upande wa sheria niongezee kidogo. Tanzania, Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, huwezi kumiliki mnyamapori bila kibali. Kenya wana yao ya 2013, vilevile. "Nimemwokota" haikusaidii mahakamani.

Wakumbushwe pia ya KIA. Machi 2016 tumbili 61 walikamatwa uwanja wa ndege wa Kilimanjaro wakiwa safarini kwenda Albania. Serikali ikafunga usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi. Juni 2022 TAWA, yaani mamlaka ya wanyamapori, wakatangaza dirisha la miezi sita kwa wafanyabiashara kuuza wanyama waliobaki nao. Kelele zikapigwa, tangazo likasitishwa ndani ya siku chache.

---

MbegaMweupe

Nakazia. Kuna kitu kwenye lile sakata hakikujadiliwa. Wote tulibishana kama biashara ifunguliwe au isifunguliwe. Wafanyabiashara walilia mitaji, wahifadhi wakalia urithi wa taifa. Wanyama wenyewe walikuwa mabandani tangu 2016! Nani alikuwa anakagua vile vibanda? Wanakula nini, wamekaa wangapi wangapi, wanaumwa nani anawatibu? Marufuku ya kusafirisha ni kitu chema, mimi naiunga mkono, lakini ukifunga mlango lazima uulize nani amebaki ndani.

---

Deira Boy

Niko Dubai. Zamani matajiri huku walikuwa wanatembea na watoto wa sokwe na chui kwenye magari. Tangu sheria ya 2016 mtu binafsi haruhusiwi kufuga wanyama hatari, ila mitandaoni bado naona video za sokwe kavaa pampasi anakunywa maziwa kwa chupa. Watu wanapenda balaa, "likes" laki na zaidi.

---

MbegaMweupe

Na kila "like" ni tangazo la bure. Ukiona hiyo video usiisambaze hata kwa kulaani, ripoti tu uendelee na safari. Pia angalia uso wa sokwe. Ule mdomo uliovutwa na meno ya juu na chini kuonekana yote watu wanadhani anacheka. Ni woga. Akicheka kweli mdomo unalegea wazi na meno ya juu yanafichika.

Dalili nyingine za mnyama aliyeharibika, kwa wanaotembelea bustani za wanyama: anajitikisa mbele na nyuma bila kukoma, anajinyofoa manyoya mpaka ngozi inabaki, anatapika chakula na kukila tena, anazunguka njia ileile mpaka ardhi imechimbika. Mtu atakwambia "anacheza". Muulize mlinzi yuko na wenzake wangapi. Akikwambia yuko peke yake, jibu umelipata.

---

Sele wa Mbagala

Mkuu samahani nimechelewa. Mjomba wangu tayari anaye tumbili, jike, miaka mitatu hivi, kafungwa kwenye mwembe. Nimemsomea uzi huu wote. Amekubali, anasema basi nimpeleke Pugu nikamwachie msituni leoleo. Nifanyeje?

---

MbegaMweupe

Usimwachie! Tumbili wana himaya zao. Jike mgeni peke yake, asiyejua mlio wa hatari ya tai wala wa nyoka, watamfukuza kundi kwa kundi, na akikimbilia nyumba za watu atauawa kwa mawe. Kama ana ugonjwa wa binadamu atauacha kule.

Nenda ofisi ya TAWA au kwa afisa wanyamapori wa halmashauri yenu, useme kuna mnyama wa kusalimishwa. Anayejisalimisha mwenyewe kwa kawaida hapati taabu kama anayekamatwa. Huku mkisubiri: asikae peke yake juani, apate maji wakati wote, mkate na soda mwisho leo, apewe mchicha, matembele, karoti, maharage machanga ya maganda ya kijani, majani ya mwembe wenyewe. Watoto wasimkaribie. Kamba msiikate kwa kisu nyumbani kama imebana, daktari wa mifugo ndiye aitoe kwa ganzi. Piga picha ya kiuno chake unirushie inbox nione imefikia wapi.

---

Sele wa Mbagala

Sawa mkuu. Kesho asubuhi naenda halmashauri. Ila mjomba anauliza kama na yeye ataruhusiwa kwenda kumtembelea huko atakakopelekwa.

---

MbegaMweupe

Mwambie vituo vingi havitamruhusu, kwa sababu wanataka tumbili amsahau. Mjomba atanuna wiki mbili. Mpelekee picha tu.